Kura moja ya Newport News, na kwa nini nawasumbua watu kuhusu viti vidogo

Kila ukifika msimu wa uchaguzi huku Marekani simu yangu inajaa mambo ya rais. Group la Wakenya ni rais, group la Watanzania ni rais, jamaa wa Goma walioko Kentucky ni rais tu kutwa kucha, video zinatumwa, watu wanagombana mpaka wanatoka kwenye group kwa hasira. Alafu mimi nauliza swali moja, jamani, mjumbe wako wa bunge la jimbo anaitwa nani? Kimya. Hakuna anayejibu, au mtu anatuma emoji anarudi kwa rais.

Sasa nataka niandike hili jambo kwa kirefu manake nimelisema vipande vipande na naona halishiki, na mimi linaniuma kweli.

Kwa wewe uliyeko Mombasa au Morogoro, kwanza nieleze kidogo. Huku kila jimbo lina bunge lake kamili, mbali kabisa na lile la Washington. Usilifikirie kama bunge la kaunti kule nyumbani, hili lina meno zaidi, linatunga sheria za jinai, linapanga pesa za shule, linaamua nani apate bima ya afya ya serikali na nani akose, na kwa miaka mingi ndo lenyewe lilikuwa linachora mipaka ya maeneo bunge, yaani wabunge wanajichagulia wapigakura badala ya wapigakura kuwachagua wao. Hapa Virginia ninapoishi bunge linakaa Richmond na lina sehemu mbili, Seneti yenye watu 40 na Baraza la Wajumbe lenye watu 100, na hawa 100 wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa 11, kwenye miaka ya witiri. 2015, 2017, 2019, hivyo hivyo. Hakuna uchaguzi wa rais mwaka huo, hakuna makelele, hakuna debate ya kitaifa kwenye tivii, na ndo maana watu wengi hata hawajui kama kuna kura inapigwa. Ni bunge la zamani sana, lilianzia Jamestown mwaka 1619, na mshahara wa mjumbe kwa miaka mingi umekuwa dola 17,640 kwa mwaka. Huwezi kulipa nyumba na hiyo. Wengi wana kazi zao nyingine, mawakili, walimu, wenye biashara, wanaenda Richmond Januari wanakaa siku 60 mwaka mmoja na pungufu ya hapo mwaka unaofuata, wanarudi makwao.

Kwa hiyo mtu anayeamua kumvaa mjumbe aliye kitini, hafuati utajiri. Anaingia kwenye mapambano ambayo mwenzake ana jina, ana orodha ya wafadhili, ana mipaka iliyochorwa na chama chake mwenyewe, na sheria ya Virginia haiweki kikomo cha mchango, tajiri mmoja akitaka kukuandikia cheki ya ukubwa wowote anaandika. Ndo maana kwa miaka mingi viti vingi vilikuwa vinapita bila kupingwa kabisa, jina moja kwenye karatasi, kazi imeisha.

2017 ikabadilika. Donald Trump alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia, watu wengi wa upande wa pili walikuwa na uchungu, na badala ya kukaa kulia wakaanza kujiandikisha kugombea hivi viti vidogo. Wanawake hasa. Walimu, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, waandishi wa habari, mtu ambaye hajawahi kugombea hata cheo cha kanisani. Warepublikan walikuwa na viti 66 kwa 34, yaani walikuwa wamekaa vizuri sana, hakuna aliyedhani ile ngome inaweza kutikisika kwa uchaguzi mmoja. Danica Roem kule Manassas akamng'oa Bob Marshall aliyekuwa kwenye hilo baraza tangu 1992, na kampeni yake yote alikuwa anaongelea barabara namba 28 na foleni yake, watu wanakaa kwenye gari asubuhi na jioni, yeye anawaambia nitaishughulikia hii foleni yenu. Elizabeth Guzmán, mama aliyezaliwa Peru akaja huku mhamiaji kama sisi, naye akamtoa mtu aliyekuwa kitini. Usiku wa tarehe 7 Novemba viti 15 vikageuka, na 11 kati ya hivyo vilichukuliwa na wanawake.

Lakini kampeni ninayotaka kuiongelea haikuisha usiku huo. Ilichukua miezi miwili na nikikusimulia ilivyokwenda utadhani nimetunga.

Eneo bunge la 94, Newport News. Huu ni mji wa pwani ya Virginia, kwenye mdomo wa mto James, mji wa meli. Ile karakana yao ndo inaunda manowari za kubeba ndege za jeshi la Marekani, kuna maelfu ya watu wanaingia pale kwa shifti. Mtu wa Mombasa ukifika pale harufu ya bahari na zile kreni utajisikia nyumbani kidogo. Aliyekuwa kitini ni David Yancey wa Republican, yuko hapo tangu mwanzo wa 2012. Aliyemvaa ni Shelly Simonds wa Democratic, mwalimu wa Kihispania, mjumbe wa bodi ya shule ya mji huo.

Na hili watu hulisahau, Simonds alikuwa ameshagombea kiti hicho hicho 2015, dhidi ya mtu huyo huyo, akaanguka, na hakuanguka kwa kura chache. Mtu mwingine angesema basi, Mungu hakupanga, narudi kwenye bodi yangu ya shule. Yeye akarudi tena.

Matokeo ya kwanza yakatoka, Yancey mbele kwa kura 10. Kumi, kati ya zaidi ya 23,000. Na sio kiti tu kilichokuwa kinaning'inia, nchi nzima ikageuka kuangalia Newport News juu hesabu ya baraza zima ilikuwa imefika 50 kwa 49, Simonds akishinda inakuwa 50 kwa 50 na pande mbili lazima zigawane uongozi, akishinda Yancey Warepublikan wanabaki na baraza kwa kiti kimoja. Mama mwalimu wa Kihispania ndo ameshika ufunguo.

Akaomba kura zihesabiwe upya. Tarehe 19 Desemba wakahesabu siku nzima, na kwa bahati mwaka huo huo wa 2017, mwezi wa 9, bodi ya uchaguzi ya jimbo ilikuwa imepiga marufuku zile mashine za kugusa skrini ambazo haziachi karatasi yoyote nyuma, kwa hiyo Virginia yote ilipiga kura kwa karatasi. Bila karatasi hii hadithi isingekuwepo, mashine ingesema namba ile ile na watu wangeenda nyumbani. Jioni jibu likatoka, Simonds 11,608, Yancey 11,607. Amemshinda kwa kura moja. Viongozi wa Republican kwenye baraza wenyewe wakatoa taarifa ya kumpongeza, magazeti yakaandika, watu wakalia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi wakaingia mahakamani kwa majaji watatu ili kupitisha matokeo rasmi, kitu ambacho kwa kawaida ni kusaini tu. Kumbe usiku ule, mmoja wa maafisa wa kuhesabu, aliyeteuliwa upande wa Republican, ameandika barua. Anasema kuna karatasi moja jana ilihesabiwa kuwa imeharibika, na yeye akifikiria vizuri anaona haikuharibika.

Hebu tuiangalie hiyo karatasi, picha yake ilisambaa kila mahali na mimi nimeitazama sana. Ni karatasi ya kawaida, kila jina lina kiduara pembeni, unajaza wino. Huyu mpigakura kwenye ugavana amejaza kiduara cha Ed Gillespie wa Republican, alafu juu yake ameweka alama ya X, Mungu anajua kwa nini. Viti vingine amejaza Republican. Akifika eneo la 94 amejaza vyote viwili, cha Simonds na cha Yancey, alafu kwenye kile cha Simonds kuna kamstari kamepita juu kwa mshazari, kafupi, kama mtu aliyekuwa na haraka. Basi. Huo mstari wa nusu sentimita ndo kesi yote.

Upande wa Yancey wanasema, si mnaona amemkata Simonds, na kila mahali kapigia Republican, nia yake iko wazi. Upande wa Simonds wanasema, jana mlikaa mezani maafisa wa pande zote mkakubaliana imeharibika, hamuwezi kulala mkaamka mkabadilisha, na kama mstari ni wa kufuta mbona kwa Gillespie kaweka X na nyinyi mnamhesabia? Majaji wakaingia ndani, wakakaa masaa, wakatoka wakasema kura ni ya Yancey. 11,608 kwa 11,608. Sare kabisa.

Mimi msimamo wangu niuseme. Naamini yule mpigakura alitaka Yancey, nikiitazama ile karatasi kwa macho yangu ndo ninavyoiona, na hata hivyo naona mahakama ilikosea kuifungua. Hesabu ya upya ina utaratibu, maafisa wa pande zote mbili wanakaa meza moja, karatasi yenye utata inawekwa pembeni, inaangaliwa, inaamuliwa, na uamuzi ukishafungwa umefungwa. Ukiruhusu barua ya kesho yake asubuhi, kila upande utajifunza kuandika barua. Najua watu wenye akili kunizidi wanaoona kinyume, wanasema nia ya mpigakura iko juu ya utaratibu wowote, na hiyo hoja ina uzito. Lakini mi sijashawishika.

Sasa sheria ya Virginia inasema kukiwa na sare kwenye kiti cha baraza, inapigwa kura ya bahati. Yaani kuokota. Simonds akaomba mahakama wafikirie tena, zoezi likaahirishwa, mahakama ikakataa, na tarehe 4 Januari 2018 watu wakakusanyika Richmond, siku hiyo kuna dhoruba ya theluji inapiga pwani yote ya mashariki, na kamera za nchi nzima zimejazana kwenye chumba kimoja. Wakaleta bakuli la kauri lenye rangi ya buluu na nyeupe, kazi ya mfinyanzi wa Virginia anaitwa Steven Glass, limeazimwa kutoka makumbusho ya sanaa ya jimbo. Majina mawili yamechapishwa kwenye vikaratasi, yamekunjwa yametiwa ndani ya vile vikopo vidogo vya filamu ya kamera za zamani, vikopo vikatiwa kwenye bakuli. Kama kwenye chama cha akina mama tunapookota namba za nani apokee mzunguko wa kwanza. Mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi, James Alcorn, akatia mkono akatoa kimoja, akakifungua, akasoma. David Yancey.

Simonds alikuwepo mle ndani, amekaa, anatazama. Video ipo, itafuteni. Miaka ya kazi, kampeni mbili, kura 11,608 za watu walioamka asubuhi wakaenda kupanga foleni, na inaishia kwenye mkono wa mtu ndani ya bakuli. Mi sikubaliani na huo utaratibu hata siku moja. Sare ikitokea warudie uchaguzi, wawape watu wa Newport News wiki nne waende tena kwenye kura, gharama ni ndogo ukilinganisha na kile kilichokuwa mezani. Sheria ilimruhusu kuomba kuhesabiwa tena hata baada ya bakuli na watu walimshinikiza aombe, yeye mwisho akakubali matokeo na Yancey akaapishwa bunge lilipoanza. Warepublikan 51, Wademokrat 49.

Na usidhani kilikuwa kiti kimoja tu chenye msiba. Huko Fredericksburg, eneo la 28, mchungaji kijana Joshua Cole alikosa kwa kura 73, alafu ikagundulika wapigakura 147 walipewa karatasi za eneo bunge lisilo lao, mtu kaja na kitambulisho chake, kapewa karatasi, kapiga, kumbe amepigia kiti cha jirani. 73 na 147, pima mwenyewe.

Sasa kwa nini mimi mtu wa Kisauni niliyetua huku kwenye bonde la Shenandoah nayabeba haya moyoni? Kwa sababu ya bima. Sheria ya afya ya Obama iliruhusu majimbo kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, kuanzia 2014, serikali kuu inalipa sehemu kubwa kabisa, na Virginia ikakataa mwaka baada ya mwaka, lile baraza la 66 kwa 34 lilikuwa halitaki kusikia. Nimefanya kazi na watu wetu wanaopata kipato kidogo ambacho bado ni kikubwa mno kwa Medicaid ya zamani lakini hakitoshi kununua bima, watu wanaumwa kisukari wanagawana dawa, mtu anaumwa jino mpaka uso unavimba hataki kwenda hospitali anaogopa bili. Baada ya 2017, baraza la 51 kwa 49, wale wale waliokuwa wakikataa wameona viti 15 vya chama chao vimechukuliwa, na mwaka 2018 Warepublikan kadhaa wakavuka wakapiga kura ya ndio pamoja na Wademokrat. Gavana Ralph Northam akasaini mwezi wa 6, na tarehe 1 Januari 2019 watu wakaanza kupata. Makadirio ya jimbo yalikuwa watu wapata 400,000. Simonds alishindwa na bakuli na bado kampeni yake ilichangia kuleta hiyo kitu, kwa sababu wale waliobaki vitini walikuwa wamesikia upepo.

Basi 2019 nikasema siwezi tena kukaa na maneno tu. Nikaenda kujitolea kwenye kampeni ya mtu aliyekuwa anamvaa mjumbe wetu wa huku bondeni. Simtaji jina, ni mtu wa kawaida na hakuomba kuandikwa. Kazi yenyewe haina mapambo. Unapewa programu kwenye simu ina orodha ya majina na namba za nyumba, unapewa vipeperushi vya kuning'iniza kwenye kitasa kama mtu hayupo, unatembea. Kengele nyingi siku hizi zina kamera, mtu anaongea na wewe kupitia kengele akiwa kazini kwake, we unasimama hapo unaongea na mlango. Mbwa wengi. Wengine wanafunga kabla hujamaliza jina lako, na mi sasa sichukii, mtu ana haki ya mlango wake.

Jumamosi moja orodha ikanipeleka kwenye nyumba za kupanga upande wa viwanda vya kuku, nikaona jina nikajua hili la Kivu hili. Nikagonga. Akafungua mama mmoja wa makamo, amefunga kitenge, nyuma yake kunanukia sombe, nikamwambia shikamoo mama, akanitazama vile Mkongo anavyomtazama mtu wa pwani akisema shikamoo, akacheka, akasema, "Karibu mutoto yangu, unaongea Swahili ya bofu ya Kenya."

Nikamweleza nimekuja kwa ajili ya kura. Akasema kura ya rais ni mwakani. Nikamwambia la mama, kuna nyingine mwezi wa 11 huu, ya bunge la Richmond. Akaniita ndani, akanikalisha, akaenda akatoa bahasha ya plastiki, ndani kuna cheti chake cha uraia alichokipata mwaka huo huo, kimekaa bila kukunjwa hata kona, akaniuliza, "Hii inatosha? Banaweza kunikatala?" Nikamwambia mama, wewe jina lako liko kwenye orodha ndo maana nimekuja, nikamwonyesha kwenye simu. Akalitazama jina lake pale kwenye skrini kwa muda mrefu. Alafu akaanza maswali, na maswali yake yalikuwa bora kuliko ya watu wote niliokutana nao. Huyo mutu wako atafanya nini juu ya basi, juu kiwanda kinaingia kazini saa kumi na moja za asubuhi na basi hakuna, analipa mtu wa gari kila wiki. Atafanya nini juu ya mwalimu anayejua Kiswahili kwenye shule ya wajukuu. Yule aliye kitini sasa, amekuja hapa lini? Nikamwambia ukweli, sijui mama, uliza majirani. Akasema miaka yote anayoishi hapo hajawahi kugongewa na mtu wa kura, wa chama chochote.

Hilo ndo linaniuma zaidi ya bakuli. Yule mama hakuwa mvivu wala mtu asiyejali, alikuwa hajaulizwa. Kampeni nyingi zinaangalia orodha zinaona jina geni, historia ya kupiga kura hakuna, wanaruka mlango wanaenda kwa wale wanaojulikana huwa wanapiga. Kihesabu wana sababu zao, muda ni mchache na wa kujitolea ni wachache, lakini ndo unavyopata watu wanaoishi mahali miaka kumi bila mwanasiasa kujua wanaamka saa ngapi. Anayeweza kuvunja hilo ni mshindani, manake aliye kitini hana haja, orodha yake ya zamani inamtosha. Mshindani ndo mwenye njaa ya kura mpya, ndo anayelazimika kugonga mlango ambao haujagongwa.

Mgombea wetu alianguka. Tena vizuri tu, huku bondeni ni ngome ya Republican na tulijua tangu mwanzo mlima ni mkubwa. Mama alipiga kura, nilimpeleka mwenyewe na mabinti zake wawili.

Ila usiku huo huo, tarehe 5 Novemba 2019, nikiwa kwenye sherehe ya huzuni ya kampeni yetu na pizza iliyopoa, simu zikaanza kulia. Newport News. Simonds amegombea mara ya tatu, dhidi ya Yancey yule yule, na safari hii hakuna bakuli, amemshinda wazi kabisa. Lazima niseme pia kwamba ramani ilikuwa imebadilika, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba maeneo bunge 11 ya ile ramani ya zamani yalichorwa kwa kuwabagua wapigakura weusi, mipaka ikachorwa upya na eneo la 94 ni mojawapo ya yaliyoguswa na likawa rahisi zaidi kwa Wademokrat. Hilo halipunguzi kitu kwangu. Joshua Cole naye akashinda Fredericksburg usiku huo huo. Baraza likawa 55 kwa 45, Seneti 21 kwa 19, na Januari Eileen Filler-Corn akawa mwanamke wa kwanza kuwa spika wa hilo baraza, zaidi ya miaka 400 tangu Jamestown.

Na wakaenda kufanya kazi. 2020 wakapitisha kupiga kura mapema siku 45 kabla bila kutoa sababu, kitu ambacho kwa mtu wa shifti kama yule mama ni kikubwa mno, maana Jumanne ya uchaguzi kiwanda hakifungi. Machi 2021 wakafuta adhabu ya kifo, jimbo la kwanza la kusini kufanya hivyo, Virginia hii hii iliyokuwa imeua watu wengi kwa hukumu kuliko karibu jimbo lolote. Simonds akashinda tena 2021, na mipaka ilipochorwa upya akagombea eneo la 70 mwaka 2023 akashinda vile vile.

Watu wananiuliza kama nitagonga milango tena na jibu ni ndio, na safari hii natafuta wenzangu wanaoongea Kiswahili, Kinyarwanda na Kiarabu huku bondeni, tukiwa na gari mbili tatu za kubeba watu siku za kura za mapema itatosha kabisa. Kama hujajiandikisha jiandikishe, Virginia sasa inaruhusu hata siku yenyewe ya kura, ila karatasi yako inawekwa pembeni mpaka wakuhakiki kwa hiyo afadhali mapema. Siku ya uchaguzi vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi vinafungwa saa moja jioni, na ukiwa kwenye foleni ikifika saa moja una haki ya kupiga, usikubali kurudishwa nyumbani na mtu yeyote. Na ukiwa pale ndani ukajaza kiduara kisicho chako, usichore mstari, usiweke X, usijaribu kurekebisha. Mrudishie afisa hiyo karatasi, mwambie nimekosea, na lazima akupe nyingine mpya.